Maswali ya Wasomaji: Dave Gallaher na raga ya 1905

Toleo lililopita tulichapisha picha ya kikosi cha raga cha New Zealand kilichozuru Uingereza mwaka 1905 chini ya nahodha Dave Gallaher. Maswali yaliyotufikia ni mengi. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na nafasi kubwa tumeipa mambo mawili yaliyoulizwa zaidi: kazi ya Gallaher uwanjani, na mechi waliyofungwa na Wales.

SWALI: Gallaher alikuwa mtu wa Ireland au wa New Zealand? Jina lake naliona limeandikwa namna mbili, na miaka yake ya kuzaliwa haipatani.

JIBU: Alizaliwa Ramelton, jimbo la Donegal huko Ireland, tarehe 30 Oktoba 1873, kwa jina la David Gallagher. Mwaka 1878 wazazi wake waliabiri meli ya Lady Jocelyn pamoja na walowezi wenzao, wakashukia New Zealand na kupewa ardhi mahali panapoitwa Katikati. Jina hilo ni la Kimaori, limefanana tu na neno letu. Baada ya kufika huko ile "g" ya katikati ikaachwa, na yeye akabaki Gallaher hadi mwisho.

Ardhi yenyewe haikuwa nzuri. Baba alikuwa mzee kuliko mama kwa miaka mingi, na aliyeilisha nyumba kwa mshahara wa ualimu ni mama. Mama akashikwa na saratani, akafa Septemba 1887. David, mwenye umri wa miaka 13, akaenda kufanya kazi kwa dalali wa mifugo ili kuwasaidia wadogo zake. Baadaye ndugu wakubwa wakahamia Auckland naye akaenda nao, na hatimaye akaajiriwa katika kampuni ya kugandisha nyama. Aliingia kama kibarua na akaja kuwa msimamizi. Tunaitaja kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyomjenga mwili: kubeba mizoga ya kondoo na ng'ombe kutwa nzima humpa mtu mgongo na mabega ya skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapoinama, kushikana na kusukumana kugombea mpira. Alikuwa na urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 82 hivi. Mwaka 1895 alijiunga na klabu ya Ponsonby, na mwaka 1896 akaanza kuichezea Auckland.

Miaka ya kuzaliwa haipatani kwa sababu yeye mwenyewe aliivuruga. Alipojiandikisha kwenda vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, Januari 1901, alijipunguzia miaka 3 akasema amezaliwa 1876. Basi ukiona mwaka huo mahali, ujue umetoka kwenye karatasi za jeshi.

SWALI: Nimesoma kuwa magazeti ya Uingereza yalimwita Gallaher mdanganyifu. Alifanya nini hasa?

JIBU: Hapa tuombe subira ya msomaji, maana bila kuielewa skramu tuhuma yenyewe haieleweki.

Timu za Uingereza wakati ule ziliingiza fowadi (wachezaji wa mbele) 8 kwenye skramu, na kwa kawaida hawakuwa na nafasi maalumu. Aliyefika kwanza aliinama mbele, aliyechelewa akasukuma nyuma. New Zealand waliingiza watu 7 tu, na kila mmoja alijua mahali pake kabla refa hajapuliza: huka 2 mbele (ndio wanaouvuta mpira kwa kisigino), 3 safu ya pili, 2 nyuma. Aliyekuwa katikati ya safu ya pili ndiye aliyelishikilia jengo lote. Alipachika kichwa kati ya nyonga za huka wawili na kuwabana wasiachane, huku wenzake wa kushoto na kulia wakisukuma kuelekea ndani. Umbo lake lilikuwa la kabari. Mbele palikuwa pembamba, lakini nguvu zote zilikwenda sehemu moja, na njia ya mpira kutoka kwa huka hadi nyuma ilikuwa fupi na safi.

Kwa hiyo wakabakiwa na fowadi mmoja asiye na kazi ndani ya skramu. Huyo ndiye fowadi wa pembeni, na huyo ndiye Gallaher. Alianza maisha yake ya raga akiwa huka, akahamia nafasi hii mwaka 1903.

Kazi yake ilikwenda hivi. Anauchukua mpira, anasimama ubavuni mwa skramu na kuutia kati ya safu mbili za mbele. Huka anaupiga kisigino, mpira unapita katikati ya miguu na kutokea nyuma kwa hafubeki, ambaye kwa mpango huu hakulazimika kuutia mpira mwenyewe kisha akimbie kuufuata upande wa pili. Alikuwa amekwisha kutulia, mikono tayari. Wakati huohuo Gallaher haondoki. Anabaki palepale ubavuni, mkono mmoja mgongoni mwa fowadi wake. Hafubeki wa wapinzani anayetaka kuizunguka skramu amkabe mwenzake anamkuta Gallaher amesimama njiani kama kizingiti.

Ugomvi ulianzia hapo. Sheria ya kuotea katika raga inasema aliye mbele ya mpira hana ruhusa ya kumzuia mtu. Mpira ukishapita nyuma ya skramu, Gallaher alikuwa mbele yake, na mwili wake ulikuwa unamziba mtu. Yeye na wenzake walijibu kuwa anayetia mpira lazima asimame mahali fulani, na kwamba hakumfuata mtu, watu ndio waliomgonga. Kwa maoni yetu Waingereza walikuwa na hoja katika sheria, lakini walikosea kumlaumu mtu mmoja. Nafasi ile ilikuwa ya mfumo mzima wa New Zealand na ilichezwa kwao kila Jumamosi. Mtu yeyote angewekwa pale angefanya vilevile, ila si kila mtu angeifanya kwa ustadi ule. Wakati wote ule kisigino cha huka kilipokuwa chepesi, refa hakupata hata muda wa kufikiri, mpira ulikuwa umekwisha kufika kwa mabeki. Kisigino kikichelewa sekunde mbili, Gallaher anaonekana waziwazi anaziba njia, na filimbi inalia.

Mfumo wenyewe ulikuwa na tundu. Huka 2 wakikutana na safu ya mbele ya watu 3, mmoja wa wale 3 hubaki bila mtu wa kumbana, na akiwa upande unaoingizwa mpira yeye ndiye aliye karibu nao zaidi. Ziara ya Afrika Kusini ya mwaka 1928 ililianika tundu hilo, kwa sababu wenyeji walipanga 3 mbele, 4 kati na 1 nyuma, na New Zealand wakahangaika kupata mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 sheria ikataka safu ya mbele iwe na watu 3, na nafasi ya Gallaher ikafa nayo.

SWALI: Matokeo ya zamani yananichanganya. Inakuwaje timu ishinde 4 kwa 3?

JIBU: Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ilikuwa na pointi 3, mkwaju wa nyongeza unaopigwa baada ya trai 2, mkwaju wa adhabu 3, na mkwaju wa kudondosha wakati mchezo unaendelea ulikuwa na thamani kuliko vyote: 4. Tarehe 30 Desemba 1905 Swansea walipata trai, New Zealand wakapata mkwaju mmoja wa kudondosha wa Billy Wallace, na mechi ikaisha 4 kwa 3. Kwa hesabu za leo Swansea wangeshinda 5 kwa 3.

SWALI: Mpira na vifaa vyao vilikuwaje? Kwenye picha naona Gallaher amefunga kitu miguuni.

JIBU: Ni vikinga ugoko, na alivivaa juu ya soksi. Kwa mtu anayesimama kando ya miguu 30 inayopigana mateke kutafuta mpira, ilikuwa akili tu. Jezi zilikuwa nyeusi, zenye jani la fedha la mmea wa kangaga kifuani, na mabegani palikuwa na kipande cha ngozi. Kipande hicho hakikuwa cha urembo. Sufu peke yake huchanika haraka pale fowadi wanapogusana mabega, na tena mpinzani huishika kwa urahisi.

Mpira ulikuwa wa vipande 4 vya ngozi vilivyoshonwa, na ndani yake kibofu cha mpira mwembamba. Vipimo vya sheria vilitaka urefu wa sentimita 28 hivi, mzingo wa kiuno sentimita 65 hadi 66, na uzito wa gramu 340 hadi 370. Ulikuwa mnene kuliko wa leo, kwa hiyo kuudaka kifuani kulikuwa rahisi, kuurusha mbali kwa mkono mmoja kulikuwa kugumu.

Kuutayarisha kulihitaji mkono mtulivu. Kibofu hukunjwa, hupenyezwa kwenye mpasuko wa ngozi, halafu hunyooshwa kwa vidole hadi kijae ncha zote mbili. Ukiacha kunjo kwenye ncha moja, kitapasuka hapohapo. Kisha hujazwa kwa pampu, shingo yake hukunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi, husukumwa chini ya ulimi wa ngozi, na kamba za nje hukazwa moja baada ya nyingine kuanzia upande mmoja. Shingo ikikaa upande, mpira unapata nundu na utayumba hewani kila ukipigwa. Ukijazwa kupita kiasi, mishono huachia. Mvua ikinyesha, ngozi isiyopakwa mafuta hunywa maji, na mpira wa dakika ya mwisho unakuwa mzito kuliko ule wa dakika ya kwanza. Wapigaji waliojua kazi yao walitafuta milingoti kabla ya mapumziko kama mawingu yalikuwa yametanda.

Mkwaju wa nyongeza pia haukuwa wa mtu mmoja. Mwenzake mpigaji alilala chini akiushika mpira juu kidogo ya ardhi, akausawazisha kwa maelekezo, kamba zikiwa mbali na mguu. Mara tu mpira ulipogusa udongo, wapinzani waliokuwa kwenye mstari wa goli walikuwa na ruhusa ya kuja mbio kuuzuia. Mshikaji akiuteremsha mapema, mkwaju umekufa. Ndiyo maana matokeo mengi ya zamani yana trai nyingi na nyongeza chache.

Na hapakuwa na mchezaji wa akiba. Aliyevunjika alitoka, na timu ikamaliza na 14.

SWALI: Walilipwa kiasi gani katika ziara ile?

JIBU: Shilingi 3 kwa siku, fedha za mfukoni. Shilingi 20 zilikuwa pauni 1, kwa hiyo kwa wiki mchezaji alipata pauni 1 na shilingi 1. Nauli, chakula na malazi viligharimiwa na chama. Mshahara wa kazi yake nyumbani ulisimama, na ziara ilianza tarehe 30 Julai 1905 hadi Machi 1906. Gallaher alikuwa bado hajaoa, alioa Oktoba 1906. Mwenye mke na watoto aliumia zaidi.

Hata hizo shilingi 3 zilileta kelele. Viongozi wa Uskoti waliziona ni ujira, na mwaka 1909 nusura waache kucheza na England kwa ajili ya malipo ya aina hiyo. Hofu yao ilikuwa na chanzo. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa England zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield na kujitenga, kwa sababu zilitaka kumlipa mchezaji fidia ya siku ya kazi aliyoipoteza. Kibarua wa mgodi au kiwanda hakuweza kuiacha Jumamosi yake bure kama mtoto wa tajiri. Tangu hapo aliyegusa fedha za upande ule alifungiwa raga ya ridhaa maisha yake yote.

Wachezaji wa 1905 waliona kwa macho yao viwanja vya kaskazini vilivyojaa watazamaji waliolipa kiingilio. Mwaka 1907 karani wa posta aitwaye Albert Baskerville alikusanya kikosi cha New Zealand kwenda kucheza raga ya kulipwa, na wanne wa kikosi cha Gallaher wakaenda: George Smith, Massa Johnston, Bill Mackrell na Duncan McGregor. McGregor huyo ndiye aliyewafunga England trai 4 katika mechi moja. Gallaher alibaki. Alikuwa mteuzi wa timu ya Auckland kuanzia 1906 hadi 1916, na mmoja wa wateuzi wa taifa kuanzia 1907 hadi 1914. Auckland iliyoshika Ngao ya Ranfurly, inayogombewa na timu za majimbo ya New Zealand, tangu 1905 hadi 1913 na kuitetea mara 23 ilipita mikononi mwake karibu muda wote huo.

SWALI: Ni kweli wachezaji walimkataa kuwa nahodha wakiwa melini?

JIBU: Baadhi walinung'unika, wakisema nahodha na msaidizi wake walipaswa kuchaguliwa na wachezaji badala ya chama. Gallaher na msaidizi wake Billy Stead, fundi viatu, wakajitoa. Meneja George Dixon akakataa kupokea. Ikapigwa kura, na 17 kati ya 29 wakawaunga mkono. Safari kutoka Wellington hadi Plymouth kwa meli ya Rimutaka ilichukua siku 40, na muda huo haukuliwa bure: Gallaher aliwanoa fowadi, mabeki wakafanya mazoezi yao na Stead.

Tarehe 16 Septemba walicheza na Devon mjini Exeter wakashinda 55 kwa 4. Kufikia mwisho wa Desemba walikuwa wamecheza mechi 32, mbili au tatu kwa wiki, na kupoteza moja. Ukiongeza mechi ya Paris dhidi ya Ufaransa tarehe 1 Januari 1906 na mbili walizocheza Marekani wakirudi nyumbani, jumla ni mechi 35, pointi 976 kwa 59.

SWALI: Na hiyo moja waliyopoteza kwa Wales, Deans alifunga au hakufunga?

JIBU: Cardiff, 16 Desemba 1905, watazamaji 47,000. New Zealand wakacheza haka, ngoma ya Kimaori ya kabla ya mechi, na uwanja mzima ukajibu kwa kuimba wimbo wa taifa wa Wales.

Tuanze na jambo linalosahaulika: Wales walikuwa wamejiandaa kuliko wote waliotangulia. Waliondoa fowadi mmoja wakabaki na 7, na mtu wa 8, Cliff Pritchard, wakamwacha huru nje kama Gallaher. Safu yao ya mbele ililenga lile tundu tulilolieleza juu. Refa John Dallas kutoka Uskoti alimpigia Gallaher filimbi mara kwa mara kwa namna alivyotia mpira, mpaka akawaambia huka wake waache kuugombea, afadhali mpira uende kwa Wales kuliko kutoa adhabu. Nusu ya silaha ya New Zealand ikawa imewekwa chini hapo.

Trai ya Wales ilifungwa kabla ya mapumziko, na ilikuwa ya mazoezi. Hafubeki Dicky Owen alitoka na mpira upande wa kulia wa skramu, mabeki wa New Zealand wakamfuata. Ghafla akageuza mwili na kurusha kushoto kwa Pritchard, Pritchard kwa Rhys Gabe, Gabe kwa Teddy Morgan, ambaye alikuwa na winga nzima peke yake. Pointi 3, nyongeza ikakosekana.

Kipindi cha pili Wallace akauokota mpira, akapasua katikati na kumpa Bob Deans. Deans akauelekea mstari, akaangushwa na kuanguka hapo mstarini. Dallas alipofika, mpira ulikuwa haujaufikia mstari wa goli, akaamuru skramu. Deans alilipelekea gazeti la Daily Mail simu ya maandishi akisema aliuweka mpira inchi 6 ndani ya mstari, na kwamba alivutwa nyuma kabla refa hajafika. Dallas akaandika kuwa mpira uliwekwa kati ya inchi 6 na 12 kabla ya mstari. Gabe naye alishikilia kuwa alimhisi Deans akijisukuma mbele baada ya kuanguka, jambo ambalo mtu aliyekwisha kuvuka hana haja nalo.

Hoja ya Gabe ndiyo inayotuvuta zaidi, kwa sababu haitegemei macho ya mtu aliyekuwa mbali. Hata hivyo hakuna aliyesimama mahali pa kumaliza ubishi. Linaloweza kuhesabiwa ni hili: trai ile ingekubaliwa, matokeo yangekuwa 3 kwa 3, na nyongeza ingefanya 5 kwa 3. Gallaher mwenyewe, baada ya mechi, alisema waliokuwa bora wameshinda. Deans alifariki mwaka 1908 akiwa na miaka 24, bila kubadili neno lake.

SWALI: Jina "All Blacks" la timu ya New Zealand lilitokana na kosa la mpiga chapa?

JIBU: Hiyo ni hadithi iliyoenezwa baadaye, kwamba mwandishi aliandika "all backs", yaani wote ni mabeki, na herufi moja ikaongezeka. Gazeti la Devon lilitumia jina hilo siku zilezile za mechi ya kwanza, na sababu ni mavazi meusi.

SWALI: Gallaher alikufaje? Wengine wanasema alienda vitani kulipiza kisasi cha ndugu yake.

JIBU: Tarehe hazikubali. Alijiandikisha Mei 1916, na mdogo wake Douglas aliuawa Ufaransa tarehe 3 Juni 1916, akiwa na jeshi la Australia. Kwa umri wake Gallaher hakulazimishwa na sheria kwenda, na alikuwa na mke, Nellie, na binti aliyezaliwa 1908. Aliondoka New Zealand Februari 1917 na kupangwa katika batalioni ya 2 ya Auckland. Tarehe 4 Oktoba 1917, katika shambulio la Broodseinde huko Ubelgiji, kipande cha kombora kilipenya kofia yake ya chuma. Alifariki siku hiyohiyo katika kituo cha majeruhi cha Waaustralia na kuzikwa makaburi ya Nine Elms, Poperinge. Ndugu mwingine, Henry, aliuawa mwaka uliofuata.

Klabu za Auckland zinashindania Ngao ya Gallaher tangu 1922, na New Zealand na Ufaransa kombe lenye jina lake tangu 2000. Jiwe la kaburi, lenye jani lile la kangaga, linasema alikuwa na miaka 41. Alikuwa na 43, zikiwa zimebaki siku 26 atimize 44.